Higonokami: Kisu cha Kijapani Kisicho na Loki, na Vile Utakitumia Kila Siku Bila Kujikata ama Kushikwa

Unakumbuka wembe wa kuchonga penseli ukiwa class three? Ule mlikuwa mnavunja katikati, nusu yako, nusu ya deski mate. Sasa watoto wa Japani enzi hizo walikuwa na kitu noma zaidi mfukoni. Inaitwa higonokami.

Ni kisu kidogo cha kukunja, lakini si kama zile umezoea kuona. Haina springi. Haina loki. Haina skrubu hata moja. Ukiifungua, kitu pekee inazuia isikufungie vidole ni kidole gumba chako. Hapo ndio utamu uko, na hapo ndio balaa iko. Kama uko na moja ama unataka kununua, soma hii yote kwanza.

Imetoka wapi?

Higonokami ilianza miaka ya 1890 huko Miki, mji ulio mkoa wa Hyogo, karibu na Kobe. Miki ni mji wa mafundi wa chuma. Misumeno, randa na patasi za maseremala wa Japani zimetoka huko kwa miaka mingi sana.

Jina lenyewe maana yake ni "bwana wa Higo". Higo ni jina la zamani la sehemu ambayo leo inaitwa Kumamoto, kwa kisiwa cha Kyushu. Wateja wengi wa mwanzo walikuwa pande hizo, so jina likashika.

Siku hizi karakana iliyobaki na haki ya kutumia hilo jina ni moja tu, Nagao Kanekoma, na bado iko Miki. Ukiona kisu kinafanana nayo lakini hakina maandishi ya Kijapani kwa mpini, jua hiyo ni kopi. Kopi si lazima iwe mbaya, lakini usilipie bei ya orijino.

Inafanya kazi aje?

Mpini ni bati moja tu lililokunjwa, mara nyingi shaba ya njano. Ubapa umeshikwa na pini moja. Nyuma ya ubapa kuna kamkia kadogo kametokeza nje, kanaitwa chikiri.

Kufungua, shika mpini, sukuma chikiri na gumba, makali yanatoka. Ukikata, gumba inabaki imefinya chikiri juu ya mpini. Ukitoa gumba, loki yako imeenda. Msuguano wa pini peke yake hautoshi.

Kufunga, toa vidole vyote kwa ule mfereji wa mpini kwanza, halafu rudisha ubapa polepole. Usijaribu kufunga na mkono mmoja ukijifanya uko kwa muvi.

Kazi gani inaweza, gani haiwezi?

Inaweza: kuchonga penseli ya kuchora ama ya nyusi, kufungua parseli, kukata kamba, kumenya chungwa, kukata karatasi na katoni.

Haiwezi: kudunga kitu ngumu, kufungua mkebe, kukaza skrubu, kubandua mlango wa keja ukisahau funguo. Sababu ni simpo. Ukikata kwa kuvuta, nguvu inasukuma ubapa ukae wazi. Ukidunga, ncha ikigonga kitu ngumu, ubapa unaweza kurudi nyuma, na vidole vyako ndivyo viko njiani. Hiyo sheria moja ukiishika, umemaliza nusu ya masomo.

Kutu si utani

Higonokami nyingi ni za chuma cha kaboni, si ile stenlesi ya kijiko. Zile poa zimetengenezwa kama sandwichi: chuma kigumu katikati, laini pande mbili. Kinakuwa kikali vibaya sana, lakini kinashika kutu haraka.

Usiiache kwa sinki. Ukikata ndimu ama embe, panguza hapo hapo. Chuma kitabadilika rangi, kiwe kijivu ama bluu bluu. Usipaniki, hiyo ni ngozi ya chuma na inasaidia kuzuia kutu. Yenye unafaa kuogopa ni ile nyekundu. Tone la mafuta ya cherehani kila baada ya muda linatosha. Kama unakatia chakula, tumia mafuta ya kupika.

Kunoa ni rahisi. Lile bapa la mteremko karibu na makali, lilaze lote juu ya jiwe lililolowa maji, na ufuate hiyo hiyo pembe. Anza na jiwe la namba 1000, maliza na laini zaidi. Noa pande zote mbili.

Pini ikilegea, ubapa utaanza kucheza. Laza kisu juu ya chuma kigumu na ugonge kichwa cha pini na nyundo, taratibu. Gonga, jaribu, gonga tena. Ukizidisha, haitafunguka.

Mbona watoto wa Japani waliacha kubeba?

Tarehe 12 Oktoba 1960, mwanasiasa Inejiro Asanuma aliuawa jukwaani Tokyo akihutubia watu. Aliyemchoma alikuwa kijana wa miaka 17. Alitumia upanga mfupi, si higonokami, lakini nchi ilishtuka na ikaanza kampeni ya kuondoa visu kwa mikono ya watoto. Mashine za kuchonga penseli nazo zikajaa shuleni. Biashara ya Miki ikaanguka, na karakana zikafungwa moja baada ya nyingine.

Lakini haikuisha kabisa. Iko shule ya msingi huko Nagano ambapo watoto wa darasa la kwanza hupewa higonokami, wafundishwe kuitumia na kuinoa. Wazo lao ni kwamba mtoto aliyefunzwa makali anayaheshimu.

Sheria: hapa ndio uskize vizuri

Japani yenyewe, kutembea na kisu chenye ubapa wa zaidi ya sentimita 6 bila sababu ya maana ni kosa, ingawa visu vya kukunja visivyo na loki vimelegezewa kidogo. Uingereza, kisu cha kukunja kisicho na loki, makali yasiyozidi inchi 3, unaruhusiwa kubeba. So huko kukosa loki kunakusaidia.

Kenya mambo ni tofauti. Sheria haijataja kisu hiki kwa jina. Lakini kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinasema ukipatikana na silaha hatari katika mazingira yanayoonyesha ulikuwa unapanga kufanya kosa kubwa, kifungo ni kati ya miaka 7 na 15. Neno nzito hapo ni "mazingira". Kisu kwa meza yako ya kuchora ni chombo cha kazi. Kisu hicho hicho kwa kiuno, saa nane usiku, ukisimamishwa na makarao na huna jibu la maana, ni stori ingine kabisa. Na ukiwa kijana wa mtaa, unajua vizuri nani hupewa muda wa kujieleza na nani hapewi.

Kwa hivyo fanya hivi. Iache kwa keja ama kazini. Ukilazimika kuibeba, iweke ndani ya bag pamoja na vitu vya kazi yake, penseli na karatasi, si mfukoni. Usiende nayo mechi, kwa rave ama kwa maandamano. Kwa ndege, iingie mzigo wa chini, si bag ya mkononi. Na mtu akikuuliza ni ya nini, uwe na jibu la sentensi moja ambalo ni la ukweli. Kama hilo jibu huna, hiyo siku usitoke nayo.