Waliokuwa Wakiisimamia Subira ya Ndoa Katika Pwani ya Waswahili

Katika miji ya Waswahili ya karne ya 19, kuanzia Pate na Siyu hadi Unguja, kuzivumilia kasoro za mwenzi halikuwa jambo la mume na mke peke yao, bali lilikuwa na walimu, wapatanishi na waamuzi wake, na anayetaka kuielewa subira ya ndoa za zamani hana budi kuanza na hao.

Mwalimu wa kwanza alikuwa somo, ambaye pia huitwa kungwi, yaani mwanamke mtu mzima aliyekabidhiwa mwari, au msichana aliyevunja ungo, ili amfunde mambo ya unyumba. Kazi yake haikuisha pamoja na fungate, zile siku saba za mwanzo wa ndoa, kwa kuwa aliendelea kuwa mtu ambaye mke aliweza kumweleza ubahili, hasira au ulevi wa mume bila kuhesabiwa kuwa ametoa nje siri za nyumba. Mafunzo ya aina hiyo yaliingia pia katika maandishi: mwaka 1858 Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utendi wa wosia unaosisitiza utiifu na upole kwa mume. Utendi huo haufai kusomwa kama picha ya jinsi wake wote walivyoishi, kwani ni wosia wa mama mgonjwa wa tabaka la watawala, na mara nyingi watu huusiwa lile ambalo hakuna hakika kwamba watalitenda.

Mke alipochoka kabisa alirudi kwao, na hapo wazee wa pande mbili walikutana, wakifuata agizo la Kurani, katika Sura ya Nisaa, aya ya 35, la kuweka mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mwingine kutoka kwa jamaa za mke. Mzigo, hata hivyo, haukuwa sawa. Mume aliweza kutamka talaka, na ikiwa ni ya kwanza au ya pili aliweza kumrejea mkewe kabla ya kwisha eda, yaani muda wa kungoja baada ya kuachwa. Mke alilazimika ama kujivua kwa khului, yaani kumpa mume mali, aghalabu mahari yake, ili aachwe, ama kumwomba kadhi faskhi, yaani kuvunjwa kwa ndoa kwa sababu kama kunyimwa matumizi. Pamoja na hayo, talaka zilikuwa nyingi na wanawake wengi waliolewa zaidi ya mara moja, ishara kwamba subira iliyohubiriwa ilikuwa na mpaka, na mpaka huo ulijulikana na wote.

Kati ya kunyamaza na kwenda kwa kadhi palikuwa na njia nyingine, nayo ilikuja na kanga, vazi lililoenea pwani mwishoni mwa karne ya 19 na ambalo mapema katika karne ya 20 lilianza kuandikwa jina, yaani msemo unaochapwa karibu na pindo la chini. Mke aliyeudhiwa aliweza kuchagua doti yenye jina linalomgusa mume, akajifunga siku ya kumwandalia chakula, na akiulizwa akajibu kwamba alipenda rangi tu. Lawama ilifika bila ugomvi kuzuka, na mume aliyejua kusoma dalili alipewa nafasi ya kujirekebisha bila kuaibishwa.

Baada ya uhuru, dola lilijitwalia sehemu ya kazi ya wazee. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 101, inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa, kabla ya mmoja wao kufungua shauri la talaka, isipokuwa katika hali chache kama ya mwenzi aliyetoroka na asiyejulikana alipo. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na hivyo kuandika bayana jambo ambalo wosia wa zamani ulilipita kimya. Haitumiki Zanzibar, ambako ndoa za Waislamu zinapogombaniwa mashauri yake husikilizwa na Mahakama za Kadhi.