Mzee wa Kale na kesi ya mifupa

Leo stori ya historia. Wote tuliopita Form One tulikaririshwa vyanzo vya historia: masimulizi ya mdomo, akiolojia, maandishi na vinginevyo. Ila ticha gani alitwambia vyanzo viwili vikifikishana mahakamani inakuwaje? Basi ilitokea Marekani.

Julai 1996 vijana wawili waliokwenda kwenye mashindano ya boti waliona fuvu katika mto Columbia, mjini Kennewick, jimbo la Washington. Mifupa mingine ikafuata, na kwenye nyonga kulikuwa na ncha ya mkuki ya jiwe imeganda ndani. Mwe! Jamaa alikufa miaka kama 8,500 iliyopita. Makabila matano ya wenyeji wa asili wa huko yakasema huyu ni babu yetu, yakamwita Mzee wa Kale, yakataka apewe kaburi. Sheria ya 1990 ilikuwa inawapa haki hiyo kwa mabaki ya watu wao. Wanasayansi wanane wakafungua kesi ili wamchunguze, na mwaka 2004 mahakama ya rufaa ikawapa ushindi: undugu haujathibitishwa, na masimulizi ya wazee hayatoshi kwa umri wote huo. Baadaye wapima fuvu wakasema anafanana zaidi na Wapolinesia na Waainu wa Japani!

Kisha Eske Willerslev, wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, akaenda kuzungumza na wenyewe. Watu wa Colville, mojawapo ya yale makabila matano, wakakubali kutoa vinasaba vyao vilinganishwe na vya mifupa. Manne mengine hayakutoa, na mimi siwalaumu. Baada ya kuvutana miaka yote hiyo wewe ungemwamini nani? Juni 2015 majibu yakatoka: katika watu wote walio hai, Mzee yuko karibu zaidi na wenyeji wa asili wa Marekani, Colville wakiwemo.

Tusidanganyane lakini, vinasaba havikuthibitisha kila neno la masimulizi. Vilionyesha tu kwamba waliodai undugu hawakuwa wanaropoka. Na waliosaidia kulipata jibu ni walewale walioambiwa hawana ushahidi. Nikienda TP nikapewa Form One, topiki ile ya vyanzo naanza na huyu Mzee.

Desemba 2016 Rais Obama akasaini sheria ya kumrudisha kwa makabila. Februari 2017 watu zaidi ya 200 wakamzika, mahali ambapo hawakupatangaza.