Warfarini Bila Kipimo: Hoja ya Kliniki ya Kuganda kwa Damu katika Hospitali za Ngara na Biharamulo

Warfarini ni dawa ya bei ndogo inayodai uangalizi mkubwa. Humezwa mara moja kwa siku, na kazi yake inaeleweka vizuri: hulizuia ini lisitumie vitamini K kutengeneza protini zinazogandisha damu. Mwenye valvu mbovu za moyo, au mapigo yaliyopoteza mpangilio, hukingwa asipate donge litakalopanda hadi kwenye ubongo na kumwachia kiharusi. Lakini dozi inayomfaa mtu mmoja inaweza kumtoa mwingine damu tumboni au kichwani, na mtu yuleyule huenda akahitaji dozi nyingine mwezi ujao. Anayetaka kujua hana budi kupima. Ninadai hapa kwamba katika wilaya za mkoa wa Kagera kama Ngara na Biharamulo, kumwandikia mtu warfarini pasipo kipimo cha INR (namba inayoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani) ndani ya wilaya, na pasipo mtumishi anayewajibika kwa majibu yake, ni kumpa nusu ya tiba, na nusu iliyobaki nyuma ndiyo iliyobeba usalama wake. Ninadai pia kwamba nusu hiyo inaweza kupatikana kwa watumishi waliopo, bila kungoja dawa mpya.

Kuna mambo mawili yanayochanganywa hata na watu waliosoma. Aliyepata mshtuko wa moyo kwa kawaida hupewa aspirini, ambayo huzuia chembe sahani zisishikamane ndani ya mishipa iliyochakaa. Warfarini hulenga donge la namna nyingine, lile linalojijenga pale damu inapotuama ndani ya chemba ya moyo iliyotanuka, au juu ya valvu ya bandia. Anayemeza moja akidhani ni nyingine hajakingwa, na anayemeza zote mbili bila daktari kujua amejiongezea hatari ya kutokwa damu.

Mpinzani wa hoja hii atakuja na takwimu za Hai, mkoani Kilimanjaro, na zinastahili kusikilizwa. Watafiti walipowapima moyo wazee 2,232 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, waliokutwa na mapigo yasiyo na mpangilio walikuwa takriban asilimia 0.7 tu, kiwango kidogo mno kikilinganishwa na cha Ulaya. Utafiti mwingine, uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, ulionyesha kwamba kiharusi chenyewe si haba: baada ya kusawazisha umri, wagonjwa wapya kwa mwaka walikuwa karibu 109 kwa kila watu 100,000 kule Hai, na karibu 316 Dar es Salaam. Basi, atasema, adui ni shinikizo la damu. Nunueni vidonge vya presha na mashine za kupimia presha, kisha muachane na warfarini.

Kuhusu presha amesema kweli. Tena mwenye presha isiyodhibitiwa hapaswi kuanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda kabla presha haijashushwa, kwa kuwa mshipa ukipasuka kichwani damu haitasimama. Ila hesabu ya wazee wa Hai haiwahusu wagonjwa ninaowazungumzia. Katika nchi zetu warfarini ni dawa ya vijana. Mtoto anaumwa koo kwa bakteria wa streptokokasi, hatibiwi ipasavyo, anapata homa ya baridi yabisi, na miaka kadhaa baadaye valvu ya mitrali imesinyaa. Utafiti wa REMEDY, uliochapishwa 2015, uliwafuatilia wagonjwa 3,343 wa aina hii katika nchi 14, Kenya, Uganda na Rwanda zikiwamo. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 28, na thuluthi mbili walikuwa wanawake. Miongoni mwa waliostahili dawa ya kuzuia damu kuganda, asilimia 69.5 walikuwa wakiitumia, na kati ya watumiaji hao ni asilimia 28.3 tu waliokutwa na INR iliyo ndani ya kiwango kinachotakiwa. Wengine walikuwa wanameza dawa isiyowakinga, au inayowahatarisha. Na hao walikuwa wagonjwa wa hospitali zilizoweza kushiriki utafiti wa kimataifa.

Sasa tuichukue dawa hiyo tuipeleke Ngara. Mtu asiyetumia dawa hizi ana INR ya 1 hivi. Mwenye mitrali iliyosinyaa na mapigo yaliyovurugika anatakiwa akae kati ya 2 na 3, na mwenye valvu ya bandia mahali pa mitrali kati ya 2.5 na 3.5. Chakula kinaivuta namba hii kila siku. Kisamvu, matembele, majani ya maboga na majani ya maharage yana vitamini K kwa wingi. Wakati wa mvua mboga zimejaa shambani, mgonjwa anazila kila jioni na kinga ya dawa inapungua. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kikikausha bustani, kidonge kilekile kinazidi nguvu. Ushauri wa kliniki za mijini, kwamba mgonjwa apunguze mboga za majani, haufai kwa familia ambayo mboga ndiyo kitoweo cha kila siku. Ushauri sahihi ni ale kiasi kilekile kadiri awezavyo, na msimu ukibadilika apimwe upya. Rubisi, pombe ya ndizi, nayo ina nafasi yake. Atakayeinywa kwa wingi harusini au msibani anaweza kuisukuma INR juu, na siku hiyohiyo akaanguka na kujigonga kichwa.

Hatari kubwa kuliko mboga iko dukani. Duka la Dawa Muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma 2003 kisha ukaenea nchini, limeokoa watu wengi vijijini, na silitaji hapa kwa lawama. Ila mgonjwa wa warfarini anayeharisha akanunua Flagyl, au anayekohoa akapewa Septrin, anaweza kuona INR yake ikipanda maradufu ndani ya wiki moja, kwa kuwa metronidazoli na ko-trimoksazoli huzuia ini lisiiondoe warfarini mwilini. Diklofenaki ya maumivu ya mgongo hulijeruhi tumbo wakati damu haigandi. Hata homa ya malaria peke yake, ikimnyima mtu hamu ya kula kwa siku kadhaa, inatosha kuvuruga mizani. Mgonjwa wa kifua kikuu hupitia mkasa wa kinyume: rifampisini huidhoofisha warfarini, dozi inaongezwa, na anapohitimu matibabu ya TB ile dozi kubwa inabaki bila mpinzani. Asipopimwa wiki zile, atavuja damu katika mwezi ambao familia inashukuru kwamba amepona.

Kwa hiyo kupima hakuwezi kungoja safari ya Mwanza. Mgonjwa mpya anahitaji kupimwa kila baada ya siku chache, kisha kila wiki, na akitulia kila mwezi. Kutoka Rulenge, Ngara, au Nyakahura, Biharamulo, hadi hospitali ya Bugando na kurudi ni nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea. Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ni zaidi ya kilomita 1,000. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyojengwa Chato, eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Biharamulo, imewasogezea watu wa Biharamulo daktari bingwa, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mkulima hawezi kwenda hospitali ya kanda kila wiki kwa sababu ya tone moja la damu.

Wapo wanaosema tungoje dawa mpya zisizohitaji INR. Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu 2019, na kwa mzee mwenye mapigo yasiyo na mpangilio na valvu nzima, akimudu bei, ni dawa bora. Kwa wagonjwa wetu ushahidi umesema vingine. Jaribio la dabigatrani kwa wenye valvu za bandia lilisimamishwa, na matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha madonge mengi zaidi na damu nyingi zaidi kuliko kwa warfarini. Jaribio la INVICTUS, la 2022, liliwalinganisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye moyo ulioharibiwa na baridi yabisi na mapigo yaliyovurugika, na waliopewa rivaroksabani walikufa wengi zaidi ya waliopewa warfarini au dawa za kundi lake. Warfarini itabaki, na INR itabaki nayo. Anayewaambia Ngara wangoje hajasoma matokeo haya, au ameyasoma na hajawafikiria wagonjwa wenyewe.

Mfano wa kufuata hauko mbali. Ng'ambo ya mto Kagera, ukivuka daraja la Rusumo, unaingia wilaya ya Kirehe nchini Rwanda, yenye milima, migomba na mahindi kama ya Ngara. Kuanzia 2006 Wizara ya Afya ya Rwanda, ikishirikiana na shirika la Inshuti Mu Buzima, ilianzisha kliniki za magonjwa yasiyoambukiza katika hospitali za wilaya za mashariki, Rwinkwavu na Kirehe. Wauguzi walifundishwa kupiga picha ya moyo kwa ultrasaundi kwa njia iliyorahisishwa, kutambua aina chache za ugonjwa, na kurekebisha dozi kwa kufuata jedwali. Mwongozo wao uliochapishwa 2011 una sura nzima ya kuwatunza waliofanyiwa upasuaji wa moyo, warfarini ikiwamo. Msichana aliyewekewa valvu anarudi kwao, na hospitali ya wilaya inamtunza. Bingwa huja mara kwa mara kukagua na kufundisha. Siku za kawaida kazi yote ni ya muuguzi.

Kinachohitajika katika hospitali za Ngara zilizoko Murgwanza, Rulenge na Nyamiaga, na katika hospitali ya Biharamulo, ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kipo kipimo cha INR kinachotumia tone la damu ya kidole na stripu, kama kile cha sukari ambacho wauguzi wamekizoea. Gharama kubwa iko kwenye stripu, na hapo ndipo bajeti inapaswa kusimama imara, maana mashine ya msaada isiyo na stripu huishia kabatini. Kinahitajika daftari la wagonjwa, jedwali la dozi ukutani, siku moja ya kliniki kwa wiki, muuguzi mmoja na msaidizi wake, na simu ya kumuuliza daktari wa kanda. Inahitajika pia sindano ya vitamini K, dawa rahisi ambayo wodi za wazazi hutumia kwa watoto wachanga, ili INR iliyopaa ishushwe hukohuko hospitalini.

Kagera ina sababu ya pekee ya kuamini kwamba hili linawezekana. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani humo 1983. Dawa za kurefusha maisha zilipoanza kutolewa kitaifa 2004, wengi walitilia shaka kama mkulima wa kijijini angeweza kumeza dawa kila siku kwa maisha yake yote, kufuata tarehe za kliniki na kupimwa damu mara kwa mara. Ameweza. Kliniki za tiba na matunzo zimejenga mazoea ya kadi, daftari, na mhudumu wa jamii anayemfuata nyumbani aliyekosa tarehe. Mgonjwa wa warfarini anahitaji mazoea hayohayo, na idadi yake ni ndogo mno kwa kulinganisha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inatoa nafasi ya kulipia kipimo hiki pamoja na kidonge. Kitita kinacholipa dawa na kukiacha kipimo kitakuwa kimenunua hatari.

Biharamulo inadai jambo moja zaidi. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa Marburg, homa ya kirusi inayoweza kumtoa mtu damu, wilayani humo, baada ya maabara inayohamishika ya Kabaile, mkoani Kagera, kugundua kirusi na vipimo vya Dar es Salaam kuthibitisha. Mlipuko ulitangazwa kwisha Machi 13. Mtumishi aliyepita kipindi kile akimwona mtu anatapika damu atavaa vifaa vya kujikinga kwanza, na atakuwa amefanya sawa. Lakini huyo anayetapika damu anaweza kuwa mgonjwa wa warfarini aliyenunua dawa ya kuhara juzi. Kadi ya mfukoni yenye jina la dawa, dozi, INR ya mwisho na namba ya simu ya kliniki itamfanya mtumishi apime INR palepale, huku tahadhari zote zikiendelea. Kadi hiyo iandikwe kwa Kiswahili chepesi, na muuza duka la dawa aombwe kuisoma kabla ya kuuza chochote.

Na kwa kuwa wengi wa wagonjwa hawa ni wanawake wenye umri wa kuzaa, kliniki isikae mbali na huduma ya uzazi. Warfarini katika wiki za mwanzo za mimba inaweza kumlemaza mtoto, na kuiacha ghafla kunaweza kumuua mama mwenye valvu ya bandia. Katika REMEDY, kati ya wanawake 1,825 wa umri wa kuzaa, waliokuwa wakitumia uzazi wa mpango ni asilimia 3.6. Muuguzi anayetoboa kidole cha mama huyo kila mwezi ndiye mwenye nafasi ya kumuuliza, akiwa peke yake, kama anataka mtoto mwaka huu. Akijibu ndiyo, anatakiwa kufikishwa Chato au Bugando kabla mimba haijaingia, ili ipangwe dawa ya sindano ya heparini na ratiba ya vipimo. Akijibu hapana, njia ya uzazi wa mpango apewe siku hiyohiyo, jengo hilohilo, bila kuambiwa arudi Jumatano.