Sarafu Yenye Tundu na Vitabu Vinavyoisoma

Senti kumi ya mwaka 1936 ni sarafu ya shaba, pana kuliko shilingi moja ya leo, na katikati ina tundu. Upande mmoja pembe mbili za ndovu zimejipinda kulizunguka tundu hilo. Upande wa pili kuna taji, na ukingoni pamezungushwa jina la mfalme kwa Kilatini. Hapo kwenye jina ndipo penye kisa. Zipo senti kumi za mwaka huo zenye jina la George wa Tano, na zipo zenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyeshika kiti Januari 1936 na kukiacha Desemba mwaka uleule, kabla hata ya kutawazwa rasmi.

Uingereza kwenyewe, hela yenye sura ya Edward haikuingia sokoni. Afrika Mashariki hela yake iliingia, kwa sababu sarafu yenye tundu haina nafasi ya sura: jina peke yake lilitosha. Ndiyo maana bibi wa Kikoneni, Kaunti ya Kwale, anaweza kuwa na kitu ndani ya kisanduku chake ambacho mkusanyaji wa London hukitafuta ili kuijaza safu ya wafalme wake. Kwa kutupa jicho tu, sarafu hizo mbili ni pacha. Kinachozitenganisha ni jina, na kinacholifafanua ni kitabu.

Kitabu kinachojulikana zaidi kwa kazi hiyo kilitoka mbali sana na Pwani. Mwaka 1972, katika mji mdogo wa Iola, jimbo la Wisconsin, Marekani, Chester Krause na Clifford Mishler walitoa toleo la kwanza la Standard Catalog of World Coins. Kila aina ya sarafu waliipa namba yake, na namba hizo, zinazotangulizwa na herufi KM, zikawa lugha ya wakusanyaji kote duniani. Senti tano ya Edward ni KM 23, senti kumi yake ni KM 24. Kitabu huonyesha pia herufi ndogo za viwanda: H ni Heaton wa Birmingham, KN ni Kings Norton, na isiyo na herufi ni ya kiwanda cha kifalme cha London. Tena huonyesha idadi zilizogongwa, nazo ni mamilioni. Mwenye sarafu akishaiona hesabu hiyo, hadanganyiki na mtu anayemwambia kwamba ameshika utajiri.

Lakini kitabu hicho kimepangwa kwa nchi na kwa karne, na ardhi ya Kwale haikupangwa hivyo. Kikoneni hakiko mbali na mpaka wa Lunga Lunga. Rupia na pesa za mwaka 1888 za kampuni ya Waingereza iliyotawala kutoka Mombasa ziko katika sura yao ya kitabu. Senti zenye tundu ziko sura ya Afrika Mashariki, katika juzuu nyingine. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na Mjerumani, na heleri zake zina sura yao pia. Mwenye kuzikuta zote katika kopo moja itambidi afungue kurasa zilizo mbalimbali ili aisome historia ya shamba moja.

Kwa zile za Kijerumani wakusanyaji wana kitabu kingine, Die deutschen Münzen seit 1871 cha Kurt Jaeger, chenye namba zake za herufi J. Humo imo pesa ya shaba iliyotolewa kuanzia 1890 na kampuni ya Wajerumani, yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, herufi ambazo watu wa Pwani walizizoea. Zimo pia sarafu za dharura zilizogongwa Tabora mwaka 1916, vita vilipokuwa vimeikata njia ya kwenda Ulaya.

Mwaka uleule wa 1936, senti za Edward zilipokuwa zikigongwa, John Walker wa British Museum alichapisha katika jarida la Numismatic Chronicle utafiti wake juu ya masultani wa Kilwa na sarafu zao. Hapo Pwani ilipata marejeo yake ya kwanza yenye uzito. Vipande vile vidogo vya shaba vina jambo ambalo kila mshairi wa Kiswahili atalitambua mara moja: upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili una maneno ya kumtukuza Mungu, na pande hizo mbili zina kina kimoja. Sarafu inasomeka kama ubeti.

Baada ya Walker akaja G.S.P. Freeman-Grenville, ambaye kitabu chake cha 1962 kuhusu historia ya kale ya pwani ya Tanganyika kilizitumia sarafu kama mashahidi wa kupimia habari za maandishi. Mwaka 1984 ikafukuliwa hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, yenye zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, na Mark Horton, Helen Brown na Andrew Oddy wakaieleza katika jarida la Azania mwaka 1986. Hizi si kazi za bei. Hazimwambii mtu auze shilingi ngapi. Zinamwambia ni nani alikuwa akitawala, alifanya biashara na nani, na sarafu ilifika wapi: moja ya Kilwa ilipatikana Zimbabwe Kuu, na nyingine kadhaa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Elimu hii ina faida ya karibu kabisa. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya Kenya ya mwaka 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale. Pesa ya mwaka 1888 iliyofika hapa enzi zake imo ndani ya mstari huo. Senti ya 1936 haimo. Mkulima asiyejua kuusoma mwaka anaweza kumuuzia mpita njia urithi unaolindwa na sheria, akidhani ameuza chuma chakavu.

Kuna safu moja ambayo vitabu vyote hivi havina, nayo ni majina. Dukani hakuna aliyesema KM 24. Senti tano ilikuwa ndururu, senti kumi ilikuwa peni, na senti hamsini ilikuwa thumuni. Neno hilo la mwisho ni Kiarabu, moja ya nane, na lina hesabu ndani yake. Reale ya zamani, ile yenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780, ilikuwa kama rupia mbili na ushei. Rupia ikaja kubadilishwa kwa shilingi mbili. Basi reale ni kama shilingi nne, na sehemu yake ya nane ni senti hamsini. Reale ilitoweka sokoni, shilingi ikashika mahali pake, na fungu la reale likabaki mdomoni mwa watu.

Benki Kuu ya Kenya ilipotoa sarafu zake zenye mwaka 1966, zile za wafalme zikaanza kuondoka mikononi. Aliyetumwa dukani na peni yenye tundu akiwa mtoto sasa ni mzee. Daftari la kurasa arubaini linatosha kuanza kuijaza safu hiyo ya majina: mwaka, herufi ya kiwanda na namba ya kitabu upande wa kushoto; upande wa kulia, jina ambalo mzee huyo aliiita sarafu hiyo, na alichonunua nayo.