Jina la Schelter

Mwanafunzi aliyepanga chumba upande wa Murera, mwendo mfupi wa matatu kutoka Chuo Kikuu cha JKUAT, anaweza kupakua Maxima, programu ya aljebra, bila kulipa chochote ila bando. Akiifungua, kioo humwandikia mistari michache: toleo, leseni, kisha kwamba kazi hii ni ukumbusho wa William Schelter. Wengi huupita mstari huo mbio. Wanaandika factor(x^6-1), na papo hapo wanapata (x-1)(x+1)(x^2-x+1)(x^2+x+1). Kikokotoo cha dukani kingewadai thamani ya x kwanza. Maxima haidai. Inashika herufi kama mwalimu anavyozishika ubaoni, na kipeuo cha pili cha 2 hukiacha kilivyo mpaka uombe desimali.

Asili yake ni MIT, Marekani, mwaka 1968. Joel Moses, William Martin na Carl Engelman walianza kuandika Macsyma kwa lugha ya Lisp, kwenye mashine za kujaza chumba. Miaka mingi watafiti wa mbali waliifikia kwa mtandao wa ARPANET. Mwaka 1982 njia zikaachana: MIT iliipa kampuni ya Symbolics leseni ya kuiuza, na nakala nyingine ikakabidhiwa Wizara ya Nishati ya Marekani. Macsyma ya dukani ilikuja kufifia pamoja na biashara yake. Ile ya wizara, iliyokuja kuitwa Maxima, ilipata mlezi.

Mlezi huyo ndiye Schelter, Mkanada, profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Fani yake ilikuwa aljebra ambamo xy si lazima iwe sawa na yx. (Kuosha mchele kisha kuupika si sawa na kuupika kisha kuuosha, mpishi yeyote anaielewa aljebra hiyo.) Mwaka 1987 yeye na Michael Artin walichapisha makala juu ya aljebra ambazo hadi leo wataalamu wanaziita kwa majina yao, na hesabu zake ndefu zilihitaji kompyuta. Kwa hiyo Schelter hakuitunza Macsyma kwa huruma. Alikuwa na haja nayo.

Kuitunza kulimvuta mbali na karatasi zake. Alichukua Lisp iliyotungwa Kyoto, akaifanyia marekebisho hata ikabeba jina la Austin.

Kisha likaja jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko nadharia zake zote. Nakala ya wizara haikuwa ya kugawa ovyo. Schelter akaomba ruhusa, na mwaka 1998 akaipata: aitoe kwa leseni ya GPL, ambayo humruhusu yeyote kuitumia, kuifungua na kuirekebisha. Miaka kumi na sita ya kulea kitu cha watu wengine, kisha kibali kwa maandishi. Alifariki tarehe 30 Julai 2001 akiwa safarini Urusi.

Ruhusa ile ilifika mbali asikofika mwenyewe. Chris Sangwin, akiwa Birmingham, Uingereza, alijenga STACK, mfumo wa mazoezi na mitihani ya hisabati, akaiweka Maxima ndani yake. Walimu wa Chuo Kikuu cha Maseno, upande wa Kisumu, wameutumia kwa madarasa yao makubwa, ambako kusahihisha daftari moja moja humla mhadhiri usiku kucha. Kila mwanafunzi anaweza kupewa namba zake, hivyo kunakili kwa jirani hakumfai kitu. Mmoja akiandika 2(x+3) na mwingine 2x+6, wote wamepata, isipokuwa mwalimu awe ametaka umbo fulani.

Kwenye STACK mstari wa ukumbusho hauonekani. Maxima hukaa kwenye seva, inachukua jibu la mwanafunzi, inatoa la mwalimu, inarahisisha. Ikibaki sufuri, alama inaingia.