Chapa na Rangi: Sanaa ya Wenye Asili ya Kihindi, kutoka Dukani hadi Ukumbi wa Maonyesho

Historia ya sanaa ya Afrika Mashariki, kama ilivyozoeleka kuandikwa, humtaja Mhindi mahali pamoja tu: nyuma ya kaunta. Yeye ndiye aliyeuza kitambaa, shanga, rangi na karatasi. Waliovitumia vitu hivyo kwa sanaa ni watu wengine. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yamepungukiwa. Lugha yenyewe inayapinga. Neno *chapa*, ambalo bila hilo Mswahili hawezi kutaja kitabu wala kanga, asili yake ni Kihindi. Na *rangi*, ingawa ni la Kiajemi, linatumika vilevile katika lugha za Bara Hindi. Ni vigumu kuamini kwamba watu waliochangia maneno ya kutajia kazi hawakuwa na mkono katika kazi yenyewe.

Mji wa Kisumu ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili, kwa sababu huko ndiko reli ilikokomea. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, mnamo Desemba 1901. Vibarua na mafundi walioletwa kutoka Bara Hindi walikaribia 32,000. Waliokufa ni karibu 2,500, na waliobaki baada ya mikataba kwisha hawakufika 7,000. Yafaa ieleweke kwamba wenye maduka wengi wa Kisumu hawakuwa wazao wa vibarua hao, kinyume cha inavyosimuliwa mara kwa mara. Walikuja kwa nauli zao wenyewe kutoka Gujarati na Kachi, wakiifuata njia iliyofunguliwa na wafanyabiashara kama Alidina Visram, ambaye maduka yake yalitapakaa kutoka pwani hadi Uganda kabla ya kufa kwake mwaka 1916.

Mji ulipopangwa, kila jamii iliwekwa mahali pake: Wazungu mlimani penye upepo, Wahindi katika mitaa ya biashara, Waafrika pembezoni. Kaloleni ni mmojawapo wa mitaa hiyo ya Waafrika, nao umejulikana kwa wakazi wake Waislamu na kwa Kiswahili kilichokaa sako kwa bako na Kijaluo. Serikali iliweka mpaka baina ya mtaa huo na maduka ya Wahindi. Kitambaa kiliuvuka kila siku.

Kitambaa hicho ni leso, yaani kanga. Mombasa, mwaka 1887, Kaderdina Hajee Essak alianzisha duka la nguo ambalo wateja walikuja kulijua kwa jina la Abdulla, na alama yake, *Mali ya Abdulla*, ikasomwa mbali sana na pwani. Maneno ya kanga, ambayo baadaye yaliitwa *jina*, yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi. Kwa mwanaisimu hili si jambo dogo. Hapa kuna mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, anayeagiza nguo zichapwe ng'ambo, akichagua pindo, mji na jina kwa kusikiliza wanawake Waswahili wanataka kusema nini, na nguo hiyo ikienda kuvaliwa hata na asiyezaliwa na lugha hiyo. Nani msanii wa kazi hiyo? Mchoraji wa kiwandani, mwenye duka, au mwanamke aliyelitoa neno? Wahakiki wengi wameliepuka swali hili kwa kuiita kanga "vazi la jadi", na kwa kufanya hivyo wameifuta historia yake yote. Kanga haina umri mrefu hivyo, wala haina mwenyewe mmoja.

Upigaji picha ulifuata njia iyo hiyo. A. C. Gomes, Mgoa, alifanya kazi Unguja tangu karne ya 19. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko huko mwaka 1930. Na Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, studio ya N. V. Parekh ilikuwa mahali ambapo Waswahili walikwenda kujipiga picha wakiwa wamevaa walivyotaka kuonekana. Picha za Parekh leo hutundikwa kwenye kumbi za maonyesho za ng'ambo. Zilipopigwa zilitundikwa sebuleni.

Ndipo ukaja mfarakano. Sheria za Kenya za mwaka 1967 kuhusu uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana wasio raia. Mwaka 1968 Uingereza ikaufunga mlango kwa wengi waliokuwa na pasi zake. Na Agosti 1972 Idi Amin akatoa siku 90 kwa Waasia wa Uganda kuondoka. Kisumu, bandari inayotazamana na Uganda, haikuweza kubaki vilevile. Kinachoitwa leo sanaa ya wahamiaji wa Kihindi kutoka Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa kimezaliwa na kuondoka huko.

Allan deSouza, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1958 katika familia ya Kigoa, alizichukua slaidi zilizopigwa na baba yake nchini Kenya wakati wa uhuru, akazichapisha, kisha akaziacha nyumbani kwake zikwaruzwe na kushika vumbi na nywele hadi sura za watu zikafifia. Mfululizo huo, *The Lost Pictures*, ni wa mwaka 2004 na 2005, na mojawapo ya picha zake imeitwa *Harambee*. Uteuzi wa jina hilo si wa bahati. Wako wanaodai kwamba neno *harambee* lilitoka kwa vibarua wa reli waliomwita mungu wao wa kike wakivuta mataruma. Ni dai linalosimuliwa zaidi kuliko kuthibitishwa, na mwanaleksikografia hana haja ya kulikubali. Lakini kwamba linasimuliwa, tena na watu wa pande zote mbili, ni ushahidi wa namna yake. Brendan Fernandes, naye mzaliwa wa Nairobi (1979), ameichukua mikondo mingine: vinyago vya Kiafrika vilivyofungiwa katika makumbusho ya Ulaya na Amerika, na swali la nani ana haki ya kuvivaa.

Mkubwa kuliko wote, kwa kipimo cha makala haya, ni Zarina Bhimji. Alizaliwa Mbarara mwaka 1963, akahamia Uingereza na familia yake mwaka 1974. Filamu yake *Out of Blue*, iliyoonyeshwa mjini Kassel mwaka 2002 katika maonyesho ya Documenta yaliyosimamiwa na Okwui Enwezor, inapita katika kambi, makaburi, uwanja wa ndege na nyumba zilizoachwa Uganda. Mwaka 2007 alikuwa miongoni mwa walioteuliwa kuwania Tuzo ya Turner. Kuta zake zimepigwa picha kwa subira ya fundi. Rangi iliyobambuka inasema mengi kuliko shahidi yeyote. Hata hivyo, nyumba hizo ni tupu. Hapana mtu. Mtazamaji wa Ulaya huona utupu huo ni huzuni ya mwenye nyumba aliyefukuzwa, na hapana shaka ndivyo ulivyo. Lakini mtu wa Kaloleni angeuliza jirani yuko wapi. Mpishi, yaya, mshona nguo barazani, mnunuzi wa leso, wote hao walikuwamo. Kanga ya Abdulla, yenye nia ya biashara tu, ilimpa jirani huyo neno la kusema. Sanaa hii, yenye nia ya juu zaidi, haikumpa.

Upungufu huo umejaribiwa kuzibwa mara chache. Mwaka 2000 Makumbusho ya Nairobi yalifungua maonyesho ya urithi wa Waasia wa Kenya, yaliyotayarishwa na Sultan Somjee, yakiwa na vyombo, nguo na vifaa vya kazi ambavyo wageni waliviona kuwa vyao pia. Julai 2017 Serikali ya Kenya ilitangaza Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44. Wengine walicheka; lakini tangu hapo, katika karatasi walau, kazi za jamii hiyo haziwezi kuitwa za wageni.

Bhimji alirudi Afrika Mashariki na kamera, na filamu aliyoipiga nchini Kenya, ya mwaka 2015, aliiita *Jangbar*. Jina hilo ndilo Zanzibar ya midomo ya Wagujarati, waliolitumia kwa pwani hii yote, na mzizi wake ni ule ule wa Zinji wa mabaharia Waarabu na Waajemi. Mswahili akilisikia hahitaji mkalimani.