Farasi wa d3 na mashimo ya ajua

Jioni, Mbita au Rongo, magharibi mwa Kenya, wazee wawili wameinamia mchezo wa ajua: safu mbili za mashimo manane manane, kete zinadondoka moja moja, watazamaji kimya. Hakuna kinachofichwa. Hushinda aliyehesabu mbali. Mtu aliyelelewa kando ya mashimo hayo hawezi kuwa mgeni kwenye sataranji, hata katika ufunguzi wake mkali, wa Sisilia.

Mwitaliano Giulio Polerio aliuandika ufunguzi huo huko nyuma mwaka 1594. Mweupe anamsogeza askari wa mfalme. Mweusi hamwigi, anajibu kwa askari wa upande wa malkia, hadi mraba wa c5. Tangu hapo pande hazifanani tena, na mweusi anatafuta ushindi, haombi sare.

Moscow, Oktoba 15, 1985, mchezo wa 16 wa kugombea ubingwa wa dunia. Anatoly Karpov, bingwa tangu 1975, ana kete nyeupe. Garry Kasparov, kijana wa miaka 22, anajibu kwa Sisilia, na katika hatua ya nane anamtoa askari kafara. Hatua ya 16 farasi wake anatua d3, ndani kabisa ya ua wa Karpov, na kuganda hapo. Hatua chache baadaye, tazama farasi wa Karpov: mmoja amerudi nyuma hadi b1 alikoanzia mwenzake, mwingine amesukumwa hadi a4, ukingoni. Ngome zake hazina pa kupita. Bingwa ana askari wa ziada lakini hana la kufanya. Baada ya hatua 40 akasalimu amri.

Mwaka 1986, huko Brussels, Karpov mwenyewe alionyesha dawa ya kafara ile alipomshinda John van der Wiel. Kwangu mimi hilo halimwondolei farasi yule utukufu wake. Dawa ilipatikana baadaye. Siku ile mezani haikuwepo. Na Novemba 9, 1985, Kasparov alishika tena kete nyeusi, akacheza tena Sisilia, akashinda na kutwaa ubingwa.

Sataranji haiko mbali nasi: ng'ambo ya Ziwa Viktoria, Phiona Mutesi aliyejifunzia sataranji katika mtaa wa Katwe, Kampala, aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya Istanbul mwaka 2012. Walimu wa Migori na Homa Bay, pangeni kete za mchezo ule wa 16 wa Moscow hadi hatua ya 16, farasi akiwa d3, kisha waulizeni watoto wanaocheza ajua: mweupe afanye nini? Wapeni muda wahesabu.